Bonde la Msimbazi na Mipango ya Kuzuia Mafuriko Dar es Salaam

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza jiji la Dar es Salaam kuelekea kaskazini-mashariki, na baada ya mwendo wa kilomita 35 hivi humwaga maji yake katika hori la bahari lililo chini ya daraja la Selander, ambalo wenyeji wamezoea kuliita Salenda. Eneo linaloulisha maji lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 270. Njiani mto hupokea vijito vya Ubungo, Sinza, Luhanga na Mto Ng'ombe, ambavyo vyote hupita katikati ya makazi ya watu. Wakati wa kiangazi sehemu nyingi za Msimbazi huvukika kwa miguu. Masika yakiingia, maji hutanda bonde zima la Kigogo, Mchikichini, Jangwani na Mkwajuni, na Barabara ya Morogoro hukatika pale Jangwani.

Tabia hiyo inatokana na umbo la ardhi. Upande wa juu, udongo wa vilima na mabonde madogo ni wa kichanga na humomonyoka upesi pale miti na nyasi zinapoondolewa. Kuanzia Kigogo kushuka baharini, bonde ni pana na tambarare. Maji yaliyokuja kwa kasi hupunguza mwendo na kuangusha mchanga yaliyokuwa yameubeba, na kina cha mto hupungua mwaka hadi mwaka. Mbele yake kuna bahari, nayo ina ratiba yake ya kujaa na kupwa. Mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, maji ya mto hukutana na maji ya bahari mdomoni mwa hori na kurudi nyuma. Katika hali kama hiyo mtaro hausaidii, hata ukiwa mpana kiasi gani, kwa sababu hakuna mtaro unaoweza kumwaga maji mahali palipo juu kuliko wenyewe. Kinachosaidia ni nafasi ambayo maji yatatulia kwa saa chache yakisubiri bahari ipwe. Nafasi hiyo ndiyo bonde. Ni sehemu ya mto inayotumika siku chache tu kwa mwaka, na historia yote ya mafuriko ya Msimbazi ni historia ya namna siku hizo chache zilivyosahauliwa.

Jina la Jangwani lenyewe linakumbusha uwazi wa mahali hapo. Wapenzi wa mpira wanalijua bonde hili kwa njia nyingine: Yanga, yenye makao yake Jangwani, huitwa Watoto wa Jangwani, na Simba, yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ni Wekundu wa Msimbazi. Klabu mbili kubwa za nchi zimebeba jina la mto na jina la bonde lake.

Serikali ya kikoloni haikuacha maeneo wazi kwa sababu ya mafuriko. Wajerumani, kisha Waingereza, waliugawa mji katika kanda kwa misingi ya rangi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati na Uswahilini upande wa Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa kuzitenganisha. Mpango mkuu wa kwanza wa mji, uliotayarishwa mwaka 1949 na kampuni ya wahandisi ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb, uliendeleza fikra hiyo kwa kuyachukua mabonde kama njia za upepo zitakazotenga eneo moja la makazi na jingine. Nia yake ilikuwa ya kibaguzi, lakini matokeo yake kwa mto yalikuwa mema: Msimbazi uliachiwa nafasi. Makazi mapya ya Waafrika yaliyojengwa Ilala, Magomeni na Kinondoni yalikaa kwenye ardhi iliyoinuka, na bondeni kukabaki mashamba ya mpunga, mchicha na matembele.

Baada ya uhuru, mpango wa mwaka 1968 na ule wa mwaka 1979, yote miwili ikiwa imetayarishwa na kampuni za Kanada, iliendelea kuliacha bonde bila nyumba. Mpango wa 1979 ulilihesabu bonde la Msimbazi kuwa ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba Dar es Salaam ilifurika kwa kukosa mpango. Mipango ilikuwapo, na kuhusu bonde hili ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni viwanja. Mji uliokuwa na watu wasiofika 70,000 mwaka 1948 ulikuwa na zaidi ya 270,000 mwaka 1967, na sensa ya 1978 ilihesabu watu zaidi ya 840,000 katika mkoa mzima. Viwanja vilivyopimwa vilitosha sehemu ndogo tu ya wahamiaji. Waliobaki walinunua ardhi kwa wakulima, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi na balozi wa nyumba kumi, na ardhi ya bei nafuu iliyokuwa karibu na Kariakoo na viwanda ilikuwa ya mabondeni. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978. Katika miaka hiyo mji ulikua huku chombo chake cha kuzibua mitaro kikiwa hakipo.

Mto ukapewa kazi nyingine pia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa Ubungo katika miaka ya 1960, na maji yake yenye rangi yakafuata kijito hadi Msimbazi. Machinjio na mabwawa ya majitaka yaliwekwa Vingunguti, karibu na bonde. Taka ngumu za jiji zilimwagwa Tabata, hadi wakazi walipofungua kesi mwaka 1988. Mahakama Kuu iliamuru jalala lifungwe, na halmashauri ya jiji ilipoomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akiutaja uhai wa wakazi kama haki inayolindwa na Katiba. Uamuzi huo umebaki nguzo katika sheria ya mazingira nchini. Hata hivyo, baada ya Tabata jalala lilihamia Vingunguti, katika bonde lilelile. Taka zisizofika jalalani ndizo zinazoziba makalvati, na mafuriko mengi ya mitaa ya juu, mbali na mto wenyewe, huanzia kwenye kalvati lililojaa chupa na mifuko.

Jaribio lenye mafunzo mengi kuliko yote lilifanyika Hananasif, Kinondoni, mtaa ulio kwenye mteremko wa kuingia bondeni. Mafuriko ya mwaka 1989 yaliuharibu vibaya, na wakazi wakaanza kutafuta msaada. Mradi ulioanza katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, Ford Foundation na wengine, uliamua kutumia mikono ya wakazi badala ya mitambo mikubwa. Kamati ya wakazi ilipewa mkataba kama mkandarasi. Wanawake na wanaume wa mtaani walichimba kwa sururu na chepe, wakajenga mitaro ya mawe na kulipwa ujira. Njia ya mtaro ilitafutwa kwa kuwauliza wanaoishi hapo maji yanapita wapi na yanasimama wapi, jambo ambalo ramani za wakati huo zisingeweza kuwaambia wahandisi, kwa kuwa mtaa wenyewe haukuwa umepimwa. Nyumba zilizolazimika kupisha zilikuwa chache.

Ubora wa kazi ya Hananasif ulikuwa katika utunzaji. Mtaro wa mawe ukipasuka hurekebishwa na fundi wa mtaa kwa saruji kidogo, na mtu aliyeuchimba humkemea jirani anayetupa taka ndani yake. Upungufu wake nao ulikuwa wazi: mtaro wa mtaa mmoja huishia bondeni, na bonde haliko chini ya mamlaka ya mtaa. Hananasif ilijua kuyaondoa maji mlangoni kwake vizuri kuliko mitaa mingi, lakini kina cha mto na mchanga wa Pugu havikuwa mikononi mwake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya amri zaidi kuliko ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wakati huo maelfu ya familia tayari walikuwa wakiishi ndani ya mita hizo, wengine kwa zaidi ya miaka 20, wakiwa na umeme. Maisha ya masika yalikuwa na kanuni zake. Vizingiti vya milango vilijengwa hadi usawa wa goti, vitanda viliinuliwa kwa matofali, kingo zilikingwa kwa viroba vya mchanga na matairi makuukuu. Wapo pia waliosubiri maji yapande ili kutapisha vyoo, yaani kufungua shimo ili mto uchukue kinyesi, kwa kuwa gari la majitaka halikuweza kufika au gharama yake haikulipika. Aliyeko chini ndiye aliyepokea, na kipindupindu hakikukoma.

Tarehe 20 Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona kwa zaidi ya miaka 50. Zaidi ya watu 40 walifariki, na maelfu walikaa shuleni kama wahanga. Serikali iliwapatia baadhi yao viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji upande wa kaskazini. Viwanja vilikuwa halali na salama kwa maji, ila vilikuwa mbali na kibarua. Anayeuza samaki wa kukaanga Magomeni au kubeba mizigo Kariakoo hakuweza kulipa nauli kila siku na bado akala, na baadhi waliuza viwanja na kurudi bondeni. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa. Alama za X nyekundu zilichorwa kutani, tingatinga zikafuata, na kwa sehemu ya wakazi kazi ilisimama baada ya Mahakama Kuu kutoa zuio. Kuwaondoa watu bila kuwapa pa kwenda hakukurudisha bonde kwa mto, kwa sababu vifusi vilibaki, na baada ya masika mawili vibanda vilichipuka tena juu yake.

Taasisi nazo zilijenga. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde, na huduma ilipoanza mwaka 2016 haikuchukua muda kabla ya maji kuyafikia mabasi. Kosa hilo lilikuwa zito kuliko la mkazi yeyote wa bondeni, maana waliolifanya walikuwa na ramani na wataalamu.

Mafuriko ya Aprili 2018 yalikuja wakati fikra mpya ikiandaliwa. Mwaka huohuo wataalamu, taasisi za serikali na wawakilishi wa wakazi walikaa pamoja katika vikao vya miezi kadhaa, na kwa mara ya kwanza mto ulipangwa wote, kutoka Kisarawe hadi Salenda. Mpango uliotoka, uliokamilika mwaka 2019, ulikiri kwamba bonde la chini litafurika na kulitengea kazi hiyo: kuchimba na kupanua mkondo, kutumia udongo uliochimbwa kuinua kingo za kujengea, kuacha katikati bustani kubwa ya jiji inayoweza kuzama bila hasara, kuhifadhi mikoko ya horini, na kupanda miti upande wa juu ili mchanga usishuke. Kwa upande mwingine, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji ulioanza mwaka 2015 ulivishughulikia vijito, na Mto Ng'ombe ulijengewa mfereji wa zege. Hilo lilipunguza mafuriko ya mitaa ya Kinondoni, lakini mfereji wa zege huharakisha maji, na maji hayo yote huteremkia Msimbazi. Vijito visingeweza kutengenezwa peke yavyo.

Fedha za bonde lenyewe zilipatikana mwaka 2022, pale Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200, na Hispania na Uholanzi zikachangia. Tofauti na mwaka 2015, safari hii nyumba zilithaminiwa kwanza na fidia ikalipwa hata kwa wasio na hati, na wenye nyumba wakaruhusiwa kung'oa bati, milango na nondo zao kabla ya kuondoka. Usimamizi uko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Karakana ya mabasi nayo imepangiwa kuondoka Jangwani. Daraja la chini la Jangwani, ambalo mchanga umekaribia kufika tumboni mwake, litapisha jipya la mita 390, litakaloivusha Barabara ya Morogoro juu ya bonde na kuyaacha maji yapite chini kwa upana wake.