Dakika Kumi Juu ya Malindi

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1997, saa 11 na dakika 58 alfajiri kwa saa zetu, kitu fulani kililipuka upande wa kundinyota la Jabari, ile wengi tunaijua kama Orion. Kusema kweli kilikuwa kimelipuka kitambo sana, kabla hata Dunia hii haijakuwepo, ila mwanga wake ndio ulitufikia asubuhi hiyo. Ukadumu dakika moja na kitu, ukaisha. Hakuna mtu aliyeuona. Miali ya gama haionekani kwa macho, na hata ingeonekana, hewa yetu huizuia isifike chini. Aliyeshuhudia ni setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, BeppoSAX, iliyokuwa ikizunguka kilomita 600 hivi juu ya ikweta. Na setilaiti hiyo, na habari yake kubwa kifuani, haikuwa na mtu wa kuambia. Ilibidi ingoje mpaka ipite juu ya Malindi.

Ndiyo, Malindi hiyo hiyo ya hoteli za Waitaliano na pizza. Ukienda kaskazini kidogo, hadi kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, utapata antena zinazotazama juu, na ng'ambo yake, ndani ya ghuba ya Ungwana, majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu baharini. Watu huiita San Marco tu. Ukisoma historia ya milipuko ya miali ya gama utakutana na Los Alamos, Rome, La Palma na Hawaii. Ngomeni ikitajwa, inatajwa vile mtu hutaja soketi ya ukutani. Mimi naona hapo kuna deni.

Lakini tuanze mwanzo, na mwanzo wenyewe ni watu kutoaminiana. Mwaka wa 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Sovieti walitia sahihi mkataba wa kutojaribu mabomu ya nyuklia hewani, chini ya maji, ama nje kule kwenye anga za juu. Sahihi ni wino tu. Wamarekani waliogopa kwamba Warusi wangeenda kulipua bomu lao nyuma ya Mwezi, mahali hakuna wa kuchungulia. Wakarusha setilaiti za kulinda lindo, mbili mbili, wakaziita Vela, jina linalotokana na neno la Kihispania la kukesha. Bomu la nyuklia hutoa miali ya gama, kwa hivyo Vela zikapewa macho ya gama.

Tarehe 2 Julai 1967 zikaona kitu. Ila mchoro wake haukufanana na bomu hata kidogo. Ulikuwa na vilele viwili, kimoja kifupi na kikali, cha pili cha polepole. Na usidhani kengele ililia mahali. Data ilikuwa imelala kwenye marundo ya karatasi za kompyuta hadi 1969, wakati Ray Klebesadel na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos walipokuwa wakipitia rekodi za zamani mstari kwa mstari. Vela zilizofuata zilikuwa na saa kali zaidi, na hapo ndipo hesabu tamu ikaingia: mwanga ukipita setilaiti moja kabla ya nyingine, ile tofauti ya chini ya sekunde moja inakuambia umetoka upande gani. Haukutoka Duniani. Haukutoka kwenye Jua. Mwaka wa 1973, wawili hao pamoja na Ian Strong wakachapisha orodha ya milipuko 16. Majasusi walikuwa wametafuta Warusi, wakapata ulimwengu.

Sasa rudi pwani. Miezi miwili tu kabla ya ule mlipuko wa Julai 1967, tarehe 26 Aprili, roketi ilipaa kutoka ghuba ya Ungwana ikibeba setilaiti ya Kiitaliano, San Marco 2. Mpango ulikuwa wa Luigi Broglio, mhandisi aliyeelewa faida ya ikweta: hapo Dunia inazunguka kwa kasi kuliko kwingine, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Wamarekani nao wakapapenda. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, wakarusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyojengwa kwa kazi moja tu, kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi, akaipa jina Uhuru. Hadi leo wanaastronomia wa eksirei duniani kote hutamka neno hilo la Kiswahili bila kujua ni la nani. Uhuru ilihesabu vyanzo 339. Ni darasa la kwanza la sayansi ambayo baadaye ingefumbua fumbo la gama, kwa hivyo si porojo kusema kwamba stori hii ilikuwa na mguu mmoja hapa tangu mwanzo.

Fumbo lilikuwa umbali. Ukisimama usiku juu ya vilima vya Ngong ukaona taa moja gizani, utajuaje kama ni tochi ya jirani ama ni taa za uwanja wa Kasarani? Bila kujua umbali hujui nguvu. Kama milipuko ilikuwa karibu, ndani ya galaksi yetu, basi ilikuwa mikwaruzo ya kawaida juu ya nyota za nyutroni. Kama ilikuwa mbali, kwenye galaksi nyingine, basi ilikuwa na nguvu za kutisha kuliko chochote tulichowahi kuona. Kufikia mapema miaka ya 1990 nadharia zilikuwa zimepita 100. Kulikuwa na wasee waliosema ni vimondo vinavyogonga nyota. Nadharia nyingi hivyo ni dalili ya njaa ya data.

Mwaka wa 1991 Wamarekani walirusha setilaiti ya Compton, na chombo chake cha BATSE kikaanza kuhesabu mlipuko mmoja hivi kila siku. Hadi 2000 kilikuwa kimehesabu 2,704. Ramani yake ilionyesha kitu cha ajabu: milipuko ilitoka kila upande sawasawa. Galaksi yetu ni bapa kama chapati. Vitu vyake hujipanga kwenye mkanda, ule mkanda wa maziwa unaouona ukitoka nje ya mji. Milipuko haikuheshimu mkanda huo. Mtu angedhani mjadala umeisha. Wapi! Aprili 1995, Bohdan Paczyński na Don Lamb walipambana mbele ya watu kule Washington, katika ukumbi ule ule ambapo mwaka wa 1920 Shapley na Curtis walibishana kuhusu ukubwa wa ulimwengu. Paczyński alisema ni mbali kabisa. Lamb alisema ni ndani ya ukungu mkubwa wa nyota za nyutroni unaoizunguka galaksi yetu. Watu walitoka bila jibu.

Shida haikuwa akili, ilikuwa anwani. BATSE ilikuwa ikisema, mlipuko umetokea mahali fulani kwenye kipande hiki cha anga, na kipande chenyewe kingemeza Miezi mingi. Darubini kubwa haina uwezo wa kutafuta hivyo. Ni kama kuambiwa mtu wako yuko Eastlands, nenda ukamtafute. Na wakati unatafuta, moto unazimika. Wananadharia walikuwa wamebashiri kwamba baada ya mmweko wa gama lazima kaa libaki, mng'ao unaofifia kwa eksirei, kisha mwanga wa kawaida, kisha redio. Lakini nani angefika kabla kaa halijawa jivu?

BeppoSAX ilibeba dawa ya hilo. Chombo kimoja kililinda gama. Kamera pana za Waholanzi ziliona eksirei kwenye sehemu kubwa ya anga na kutoa anwani nzuri. Darubini nyembamba zilikuwa tayari kugeuzwa kuelekea hapo. Ila kulikuwa na kizingiti: setilaiti ilihifadhi data yake kwenye kinasa, na ilikuwa na kituo kimoja tu cha ardhini. Kwa kuwa njia yake ililalia ikweta, kila mzunguko wa dakika 97 hivi iliipitia Malindi, ikaonekana kwa karibu dakika 10, ikamwaga kila kitu, ikapokea amri, ikaondoka. Kutoka Malindi data ilirushwa hadi Rome. Mlipuko ungeweza kutokea, na kwa zaidi ya saa moja hakuna binadamu angejua.

Januari 1997 walijaribu. Mlipuko ulikuja tarehe 11, wakahangaika, wakageuza darubini baada ya saa 16. Walikuta pakavu. Basi ule wa Februari 28 ulipofika, wakachapa kazi mara mbili kwa kasi. Data ikashuka Malindi, Rome wakaona mmweko kwenye gama na kwenye kamera pana kwa pamoja, wakapata eneo dogo sana kuliko uso wa Mwezi, amri ikapanda tena kupitia Malindi. Baada ya saa 8 BeppoSAX ilikuwa ikitazama mahali penyewe, na hapo palikuwa na nukta ya eksirei ambayo haikujulikana kabla. Walipotazama tena Machi 3, nukta ilikuwa imefifia vibaya. Kaa lilikuwa limepatikana. Enrico Costa na wenzake ndio waliandika taarifa hiyo.

Anwani ilikuwa imeshatumwa pia kwa watu wa darubini za kawaida. Huko Amsterdam, Jan van Paradijs na wanafunzi wake Titus Galama na Paul Groot walipata picha zilizopigwa usiku ule ule kwa darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma. Machi 8 picha nyingine zikapigwa. Ukiweka mbili hizi sambamba, ni nyota zile zile, isipokuwa nukta moja iliyokuwepo na sasa haipo. Miaka 30 baada ya Vela, kwa mara ya kwanza mlipuko wa gama ulikuwa na sura. Darubini ya Hubble ilipoangalia baadaye iliona ukungu hafifu hapo pembeni, na ukungu huo ulifanana sana na galaksi ya mbali.

Mlipuko wa Mei 8 ukamaliza ubishi. Ulifuata njia ile ile, BeppoSAX, Malindi, Rome, kisha dunia nzima. Safari hii darubini ya Keck kule Hawaii, yenye kioo cha mita 10, ilipasua mwanga wake na kusoma alama za gesi uliyoipitia njiani. Umbali: mwanga ulikuwa umesafiri karibu miaka bilioni 7. Antena za redio nazo ziliona chanzo kikimetameta kama nyota, kisha baada ya wiki kadhaa kikatulia, dalili kwamba kilikuwa kinatanuka kwa kasi iliyokaribia ile ya mwanga. Paczyński alikuwa sahihi. Mwaka uliofuata, Aprili 25, mlipuko mwingine ukakutwa na supanova mahali pamoja, na watu wakaanza kuelewa kwamba ile mirefu ni nyota kubwa zinazokufa na kuzaa mashimo meusi.

Baada ya hapo ilikuwa mbio za saa. Swift, iliyopewa jina la ndege mwepesi anayefanana na mbayuwayu, ilirushwa Novemba 2004. Yenyewe hujigeuza ndani ya dakika moja na kitu bila kuomba ruhusa, na anwani yake huwafikia wanaastronomia kwa sekunde. Mzigo mzima wa data uliendelea kushuka Ngomeni.

Na sisi? Kenya na Italia walitia sahihi mkataba mpya wa kituo hicho mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata tukaunda Shirika la Anga la Kenya. Kelele nyingi kuhusu San Marco zimekuwa za kodi na ardhi, na ni kelele halali. Lakini kwa miongo mitatu tulikuwa pia na kitu ambacho vyuo vikuu vya nchi nyingi vingelilia: data mpya ya ulimwengu ikitua kwenye ufuo wetu kila saa na nusu, kabla haijafika Ulaya. Ilipita tu, kama transiti kuelekea Mombasa. Hakuna sheria ya fizikia iliyosema mwanafunzi wa Kilifi asiifungue.

Machi 19, 2008, Swift iliona mlipuko ambao mwanga wake wa kawaida ulikuwa mkali kiasi kwamba, kwa nusu dakika hivi, mtu aliyesimama gizani angeuona bila darubini, ingawa ulikuwa umesafiri miaka bilioni 7.5. Kamera ndogo ya Wapolandi kule Chile iliunasa. Kwetu ilikuwa saa 3 na dakika 12 asubuhi, jua limeshapanda, na wavuvi wa Ngomeni walikuwa kazini.