Bifu la Bosi na Fundi Wake: Mpira Mmoja Uliobadilisha Gofu Mpaka Leo

Watu wengi wakiona mchezaji wa gofu anapiga mpira unapotelea mawinguni, wanasema jamaa ana mikono. Mikono kweli anayo, lakini nyuma ya shuti hilo kuna historia ndefu, na ndani yake kuna urafiki uliovunjika.

Turudi St Andrews, Scotland, miaka ya 1840. Enzi hizo mpira wa gofu ulikuwa ngozi iliyoshonwa na kujazwa manyoya ya bata bukini. Kazi yake balaa! Fundi mzoefu alitoa mipira michache tu kwa siku, hivyo bei ilikuwa juu. Na ukilowa mvua, umekwisha, unakuwa mzito na unapasuka.

Bosi mmoja pale mjini ndiye aliyekuwa kinara wa biashara hiyo, na pia mchezaji mkali kuliko wote. Karakana yake iliuza mipira zaidi ya 2,000 kwa mwaka.

Kufika 1848 ukaingia mpira mpya wa utomvu mgumu wa miti ya Malaya. Bei rahisi, hauogopi mvua, ukibonyea unaupasha moto na kuufinyanga upya. Bosi akaona mkate wake unaondoka. Inasimuliwa kwamba alikuwa akinunua mipira hiyo na kuichoma moto!

Sasa siku moja fundi wake, mtu wake wa karibu kabisa, akaishiwa mipira katikati ya mchezo. Akaazima ule wa utomvu. Bosi akamwona, na hapo ndipo walipoachana. Mwaka 1851 fundi akahamia Prestwick, na baadaye akatwaa The Open mara 4. Bosi naye mwisho wa siku akasalimu amri, akaanza kutengeneza mipira ile ile aliyoichukia.

Kituko kingine ni hiki: mpira mpya ukiwa laini ulikuwa unaanguka haraka, lakini uliochakaa na kujaa makovu ulipaa vizuri. Kumbe yale makovu yanafanya hewa iushike mpira vizuri na kupunguza mvuto wa kuurudisha nyuma. Ndiyo asili ya vile vishimo unavyoviona kwenye mipira ya leo.

Mwaka 1898, Akron, Marekani, ukazaliwa mpira wenye nyuzi za raba zilizozungushwa ndani. Ukaruka mbali zaidi, na mwaka 1902 ukashinda The Open. Zikafuata fimbo za chuma badala ya mbao, na miaka ya 1990 vichwa vikubwa vya titaniamu. Matokeo yake? Wastani wa shuti la kwanza kwenye ligi kuu ya Marekani ulikuwa takriban yadi 257 mwaka 1980. Mwaka 2023 ulikaribia 300.

Ila usiseme ni vifaa tu. Mwaka 1974, Las Vegas, mzee wa miaka 64 alipiga yadi 515 kwenye mashindano, kwa fimbo ya kichwa cha mbao! Ni kweli upepo ulimsukumia toka nyuma, lakini alikuwa ameusoma mwili kwa miaka: nyonga zinaanza kugeuka, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho. Vijana wa gym wenye titaniamu hawajamfikia kwenye mashindano ya kawaida.

Sasa bifu limerudi. Desemba 2023 wasimamizi wa gofu duniani walitangaza kipimo kipya cha kubana mipira. Wapigaji wa mbali zaidi wanatarajiwa kupoteza yadi 13 hadi 15. Wanaounga mkono wanasema viwanja vya zamani vimekuwa vifupi, na kuvirefusha kunakula ardhi na maji. Wanaopinga wanasema watu wanakuja kuona mpira ukipaa.

Tofauti ni kwamba yule bosi wa St Andrews alikuwa analinda mfuko wake, hawa wanasema wanalinda mchezo. Yeye moto haukumsaidia. Je, kanuni itaweza?

Wewe ungekuwa upande wa bosi au wa fundi? Funguka hapo chini.