HELMETI YA BAISKELI KWA ANAYETUMIA DAWA YA KUZUIA DAMU KUGANDA (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 tulimalizia kwenye warfarin. Leo najibu swali la dada mmoja aliyenifuata inbox. Mume wake amewekewa valvu ya bandia kwenye moyo, anameza warfarin kila jioni, na kazini anaenda kwa baiskeli. "Nesi, nimnunulie helmeti gani?" Nilitaka kumjibu mistari miwili. Nikaona hapana, maana ukijua helmeti ilitoka wapi ndipo utaelewa inazuia nini na nini haizuii.

Turudi Uingereza, Mei 1935. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi aliyepata jina Uarabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa kwenye pikipiki karibu na nyumbani kwake Dorset. Mbele yake wakatokea vijana wawili wa baiskeli. Akawakwepa, akarushwa. Kichwani hakuvaa kitu. Siku sita baadaye, tarehe 19, akafariki. Mmoja wa madaktari walioitwa kumwona alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia.

Vita vya pili vilipoanza, Cairns alikuwa Oxford akipokea majeruhi wa jeshi, wakiwemo matarishi wa pikipiki. Mwaka 1941 akachapisha hesabu: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani. Miezi 21 kabla ya vita walikuwa 1,884. Halafu akaeleza majeruhi waliopata ajali wakiwa wamevaa helmeti. Walikuwa saba tu. Saba jamani! Leo ukileta utafiti wa watu saba utachekwa. Lakini hao saba wote hawakufa. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru matarishi wake wavae helmeti. Raia wa kawaida wa huko walikuja kulazimishwa na sheria mwaka 1973.

Sasa hapa nisikilize vizuri, ndipo penye jambo la mume wa dada yetu. Hapohapo Oxford alikuwepo mtu wa fizikia, A. H. S. Holbourn. Alitengeneza ubongo wa jelatini, akauweka ndani ya mfano wa fuvu, akaupiga na kuuzungusha. Mwaka 1943 akaandika kwamba kinachouumiza ubongo zaidi ni ule mzunguko wa ghafla. Kichwa kinageuka, ubongo unachelewa, tishu zinavutana. Chukua bakuli la uji mzito ulizungushe ghafla: bakuli linatangulia, uji unabaki nyuma. Kati ya ubongo na utando unaoufunika kuna vimishipa vya damu vinavyovuka. Vikivutwa hivyo vinachanika, hata kama fuvu halina ufa.

Helmeti zenyewe zikafuata njia nyingine. Mwaka 1953 Roth na Lombard wa California walipata hati miliki ya helmeti yenye povu ndani, linalopondeka ili kichwa kisisimame kwa kishindo. Mwaka 1956 dereva wa mbio za magari William Snell alikufa ajalini, helmeti yake ikashindwa kumlinda. Mwaka uliofuata wenzake wakaanzisha taasisi ya kupima helmeti kwa jina lake. Waendesha baiskeli wakati huo walikuwa na vipande vya ngozi kichwani, basi. Mwaka 1975 ndipo kampuni ya Bell ikatoa helmeti ya baiskeli yenye ganda gumu na povu jeupe, la aina ile unayoikuta kwenye boksi la televisheni mpya.

Na warfarin nayo ilikuwa inatembea pembeni: mwaka 1948 ni sumu ya panya, mwaka 1954 ni dawa ya binadamu. Hizi historia mbili zinakutana kwenye kichwa cha mgonjwa wetu. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, kinaiangusha helmeti kutoka kama mita 1.5 na kuangalia kishindo kinachofika ndani. Hakipimi mzunguko wa Holbourn. Kwa hiyo mhuri ule haukuahidi kwamba kimshipa hakitachanika. Kwa mtu mwingine kimshipa kikichanika huenda kikaziba chenyewe. Kwa anayetumia warfarin damu inaendelea kuvuja polepole huku yeye anapiga stori.

Basi dada, nunua hivi. Ndani iwe na mhuri wa EN 1078, au CPSC wa Marekani. Ukipata yenye tabaka linaloteleza ndani, wazo lililoanzia Stockholm kwa daktari Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin, iongezee hela, kwa sababu hiyo ndiyo inayojaribu kupunguza mzunguko. Ya mtumba usinunue. Povu likishapondwa mara moja limemaliza kazi, na hujui ilianguka na nani. Ile kofia ya mafundi ujenzi, ambayo nawaona nayo hata abiria wa bodaboda, imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalotoka juu, si kwa ubavu wa kichwa kugonga lami. Ivaliwe chini, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ukaze. Akitikisa kichwa nayo ibaki palepale.

Na akianguka akagonga kichwa, hospitali siku hiyohiyo, hata kama helmeti ni nzima na anasema "niko poa". Aseme neno warfarin pale mapokezi kabla hajaulizwa. Kadi yake ya kliniki isikae kabatini. Ikae mfuko wa shati, maana ajalini anaweza asiweze kusema.

Hela ikitosha helmeti tu na nauli ya kliniki ikakosekana, niandikie tena kabla hujanunua. INR iliyopanda bila kupimwa naiogopa kuliko baiskeli.