Kibatari na Siasa: Funzo la Maswa, 1973–1986

Mkulima haipimi siasa ya nchi kwa hotuba. Huipima kwa kibatari chake, kwa nauli ya basi na kwa fedha anazopokea kituoni anapouza pamba. Historia ya Maswa yathibitisha jambo hili.

Mnamo Oktoba 1973 pipa la mafuta ghafi liliuzwa kwa dola zipatazo 3. Kufikia Januari 1974 lilikaribia dola 12. Wakati huo huo ukame uliilazimisha Serikali kuagiza nafaka kutoka nje. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda tena, nasi tulikuwa tumetumia fedha nyingi za kigeni katika vita vya Kagera. Taifa likalazimika kuuza pamba na katani zaidi ili kununua mafuta yale yale.

Maswa, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, ni wilaya ya pamba. Lori huitoa pamba kijijini na kuipeleka kiwandani kuchambuliwa. Kisha marobota yalisafirishwa kwa reli, ile ipitayo Malampaka, hadi bandarini. Kila hatua yahitaji dizeli. Gharama hiyo haikuandikwa katika stakabadhi ya mkulima, bali ilipunguza bei aliyoweza kulipwa. Hivyo alibanwa mara mbili: alipouza pamba, na aliponunua mafuta ya taa na sabuni. Lori lilipokosa dizeli, pamba ililala kijijini na malipo yakachelewa.

Hapo ndipo palipokuwa na ukinzani. Chanzo kilikuwa mbali, lakini makali yake yalikuwa nyumbani. Mkulima hakuwaona wenye visima vya mafuta. Alimwona katibu wa tawi na duka la kijiji lisilo na bidhaa. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwagusa walanguzi, na walanguzi walikuwepo kweli. Lakini kumkamata mlanguzi hakukuongeza pipa hata moja bandarini. Wala kuwalaumu mabeberu peke yao hakukujibu swali la mkulima: kwa nini vyama vyake vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976? Hilo lilikuwa kosa letu wenyewe, na sheria ya mwaka 1982 ikaurejesha ushirika. Kada aliyelificha alipoteza imani ya watu hata pale alipoeleza ukweli kuhusu mafuta.

Maswa sasa ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, lakini swali halijabadilika. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 kwa ruzuku ya mafuta ya mwezi Juni. EWURA nayo hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kutangaza bei, hata hivyo, siyo kuieleza.

Kwa hiyo kada hana budi kwenda kijijini akiwa na hesabu mkononi: kiasi gani cha bei kimetoka soko la dunia, kiasi gani ni kodi, kiasi gani ni usafirishaji, na wapi tumekosea sisi. Mwananchi aelezwaye ukweli huvumilia shida. Aliyefichwa hutafuta maelezo yake mahali pengine.