Hisa za teknolojia zikiporomoka: Jinsi ya kugawa mtaji wako

Machi 10, 2000, kiashiria cha soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani, lenye kampuni nyingi za teknolojia, kilifunga kikiwa pointi 5,048. Kufikia Oktoba 2002 kilikuwa kimeshuka karibu asilimia 78. Kiwango kile cha juu hakikupitwa mpaka 2015.

Kwa nini teknolojia huumia zaidi?
Bei za hisa hizi hubeba matumaini ya faida ya miaka ijayo. Riba ikipanda, faida hiyo ya mbali hupungua thamani leo. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba, Nasdaq ikashuka asilimia 33. Mwaka huohuo hisa za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil zilipanda zaidi ya asilimia 70.

Piga hesabu kwanza
Tuseme una dola 10,000, na 8,000 ziko kwenye teknolojia. Sehemu hiyo ikishuka asilimia 33, umepoteza dola 2,640. Ingekuwa 4,000 tu, ungepoteza 1,320.

Angalia ndani ya mifuko
Kuwa na mifuko mitatu ya uwekezaji si lazima uwe umegawa mtaji. Apple na Microsoft zina uzito mkubwa kwenye Nasdaq-100 na pia kwenye S&P 500. Huenda unanunua kampuni zilezile mara mbili.

Hama taratibu
Usiuze vyote siku moja kwa hofu. Anza kwa kuelekeza pesa mpya na gawio kwenye sekta nyingine: afya, vyakula, nishati, benki au hati fungani. Kisha punguza hisa moja iliyozidi sana.

Anayelipa kodi Marekani anaweza kutumia hasara aliyopata kwa kuuza ili kupunguza kodi. Lakini akinunua hisa ileile ndani ya siku 30 kabla au baada ya kuuza, hasara hiyo haihesabiwi kwa wakati huo.

Usitarajie miujiza
Mwaka 2022 hata hati fungani zilishuka bei. Kugawa mtaji hakuondoi hasara, kunaipunguza tu. Kwa hiyo pesa ya karo au ya kodi ya nyumba utakayoihitaji ndani ya mwaka mmoja isikae kwenye hisa kabisa, hata ziwe za sekta gani.