Safari ya Sauti Mjini Mombasa

Msomaji, ukisimama katika kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa wakati wa magharibi, sikio lako hufanya kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya. Jicho huona kilicho mbele tu; sikio husikia pande zote. Adhana huanza katika msikiti mmoja, ikafuatwa na ya msikiti wa pili nyuma yako, kisha ya tatu kutoka upande wa bandari ya zamani. Hamali apita kushoto na mkokoteni wake; juu yako, dirishani, mama amwita mwanawe. Hukuambiwa na mtu ipi iko karibu na ipi iko mbali, wala ipi ya kulia na ipi ya kushoto, lakini wajua.

Siri ya elimu hii ni ndogo. Masikio yetu ni mawili, na kichwa kimekaa baina yake. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia kwanza. Kisha hufika la kushoto imechelewa kidogo na kupungua nguvu kidogo. Kuchelewa huko hakufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo hukupima, ukajua sauti imetoka wapi. Binadamu amezaliwa na kipimo hiki, ila mashine zake zimechukua muda mrefu kukiridhisha. Katika insha hii nataka tuifuate safari hiyo hapa Mombasa, kutoka santuri hadi kompyuta ya sebuleni. Maana asiyejua njia iliyopitwa na sauti hatajua kwa nini spika sita zilizonunuliwa kwa fedha nyingi huweza kukaa kimya, zikalia mbili tu.

Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na Emile Berliner akabuni santuri ya sahani mwaka 1887. Katika mashine hizo za awali waimbaji walisongamana mbele ya pembe moja, na wasikilizaji nao wakasongamana mbele ya pembe moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, nchini India, wakaimba ili sauti zao zitiwe katika sahani za His Master's Voice. Wakati huo maikrofoni ya umeme ilikwisha chukua mahali pa pembe, lakini njia ya sauti ilikuwa ile ile moja. Sahani hizo zilienea katika pwani yote. Fikiri basi: mwimbaji, mpiga udi, mpiga fidla na mpiga ngoma, ambao chumbani kila mmoja alikuwa na mahali pake, wote walitoka katika tundu moja. Hata hivyo maneno yalifika, na maana ikafika pamoja nayo. Hili ulishike, tutalirudia.

Utangazaji wa redio ulianza Kenya katika mwaka huo huo wa 1928, mjini Nairobi. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, kilichowapa watu wa pwani habari na nyimbo kwa lugha yao. Biashara ya sahani nayo ikapata mlango wake kisiwani, pale duka la Assanand & Sons lilipotoa sahani za nyimbo kwa nembo yake lenyewe, Mzuri. Lakini redio na sahani hizo bado zilisema kwa kinywa kimoja.

Aliyefungua njia ya pili alikuwa mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein. Husimuliwa kwamba alikwenda kutazama filamu, akakereka kumwona mchezaji akitembea kutoka upande mmoja wa pazia hadi wa pili huku sauti yake imesimama mahali pamoja. Mwaka 1931 aliomba hataza ya mbinu za kunasa sauti kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Dunia haikuharakisha: sahani za njia mbili hazikuanza kuuzwa kwa wingi madukani hadi mwaka 1958.

Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Chombo hiki kidogo kiliubadili Mji wa Kale kuliko sahani zilivyofanya, kwa kuwa hakikuhitaji kiwanda kikubwa. Duka la Mbwana Radio Service liliuza kaseti za taarab za waimbaji wa Mombasa, watu kama Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Kaseti yaweza kubeba njia mbili. Lakini redio nyingi za kubebwa mkononi zilikuwa na spika moja, na humo kushoto na kulia vikachanganywa tena. Hapa twaliona somo la kwanza la insha hii: sauti haiwi bora kuliko kiungo dhaifu cha mnyororo unaoileta.

Wakati huo majumba ya sinema yalikuwa yakishika njia nyingine. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa filamu ya Fantasia, iliyopewa mitambo maalumu ya kueneza sauti ukumbini. Mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Robe, iliyobeba njia nne za sauti: tatu nyuma ya pazia na moja kwa spika zilizo ukumbini kati ya watazamaji. Mwaka 1977 Star Wars iliwaonyesha watu wengi duniani uwezo wa mbinu ya Dolby, ambayo ilizikunja njia nne ndani ya mbili, zikakunjuliwa ukumbini. Na mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, kampuni hiyo ikaleta sauti ya tarakimu yenye njia sita: kushoto mbele, katikati, kulia mbele, kushoto nyuma, kulia nyuma, na njia ya besi peke yake. Mpango huu huandikwa 5.1, yaani njia tano kamili na moja ya mngurumo.

Mombasa ilikuwa na majumba yake: Majestic, Regal, Naaz na mengine. Nyimbo za filamu za Kihindi zilitoka katika majumba ya aina hii zikaingia katika taarab. Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi. Mengi ya majumba hayo ya zamani yaliacha kuonyesha filamu, kwani video ilileta sinema sebuleni, ikafuatwa na DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Diski ya DVD iliweza kubeba njia zote sita. Tangu hapo ukumbi mzima ungeweza kukaa katika chumba cha mtu, na kompyuta ikawa mashine ya kuuendesha.

Sasa tumefika penye tatizo tulilolitaja mwanzo. Mtu ameunganisha kompyuta, televisheni, amplifaya na spika sita. Aanzisha filamu, sauti yatoka mbele tu, na spika za nyuma zimenyamaza. Hulaumu spika, akazirudisha dukani. Lakini lawama ni ya historia. Viungo vya mnyororo wake vilitengenezwa miaka mbalimbali kwa haja mbalimbali. Diski ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ilibeba njia mbili. Na kebo ya nuru, iliyotolewa na Toshiba mwaka 1983, ilitengenezwa kuihudumia mashine ya CD. Kwa hiyo kebo hiyo hubeba njia mbili tu za sauti iliyo wazi. Njia sita zaweza kupita humo, lakini sharti ziwe zimebanwa kwa mtindo wa Dolby au wa DTS, kama shehena iliyofungwa bandarini ifunguliwe ng'ambo. Kebo ya HDMI, iliyobuniwa mwaka 2002, yaweza kupitisha njia nane zilizo wazi.

Basi atakaye kulitatua tatizo hili na aufuate mnyororo kiungo kwa kiungo, kama fundi wa mabomba atafutavyo mahali maji yalipokatika. Kwanza na aitazame filamu yenyewe: ikiwa imenaswa kwa njia mbili, hakuna cha kupeleka nyuma. Pili, autazame mpangilio wa sauti wa kompyuta, aiambie wazi kwamba spika ni sita. Maana kompyuta nyingi, zisipoambiwa, hudhani ni mbili. Tatu, aitazame programu ya kuonyeshea filamu: ama iifungue shehena yenyewe, ama iipitishe kama ilivyo ikafunguliwe na amplifaya. Zisipoafikiana ni nani afungue, hutoka kimya au mkwaruzo. Nne, azitazame kebo. Anayetumia waya za kawaida kutoka nyuma ya kompyuta huhitaji tatu: kwa desturi tundu la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la nyuma, na la rangi ya chungwa ni la katikati na besi. Mwisho aijaribu kila spika peke yake kwa mlio wa majaribio ulio katika mpangilio wa kompyuta. Spika moja ikijibu mahali pa nyingine, waya zimepishana.

Bado kimebaki kiungo cha mwisho, nacho ni nyumba. Nyumba za kale za Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi; ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3. Mafundi wa Ulaya na Marekani, wapangapo mahali pa spika, hufikiri chumba kipana. Katika chumba chembamba spika za ubavuni hukaribia mno sikio. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, yaani mita 1 kwa karibu sehemu 3 za elfu za sekunde. Ikiwa spika ya mbele i mita 3 kutoka kwako na ya ubavuni i mita 1, sauti ya ubavuni itatangulia kwa karibu sehemu 6 za elfu. Dawa yake ni kupima umbali wa kila spika na kuuandika katika mpangilio wa amplifaya, nayo itaichelewesha ile iliyo karibu ili zote zifike pamoja. Ukuta mgumu wa chokaa nao huirudisha sauti. Mkeka, zulia na pazia nzito huupunguza mwangwi.

Hapo yatupasa kurudi kwa Siti binti Saad. Mashine za leo zina kitufe cha kuichukua sauti ya njia moja na kuitapanya katika spika zote, ili isikike kana kwamba ilinaswa hivyo. Ukiibonyeza juu ya sahani ya mwaka 1928, au juu ya kaseti ya zamani ya taarab, hutapata udi kushoto na fidla kulia. Mahali pao palipotea siku ile ile ya kunaswa, na hakuna mashine iwezayo kuwaulize waliokuwamo chumbani walikaa wapi. Utapata ukungu tu, na maneno, ambayo ndiyo roho ya wimbo, yatafifia. Sauti ya zamani istahiwe kwa kuachwa kama ilivyo: spika moja au mbili za mbele, na utulivu wa msikilizaji.

Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Filamu zinazotuzunguka kwa spika sita zimenaswa kwa uangalifu na watu wa nchi nyingine: mvua yao, magari yao, miji yao. Sauti za Mvita zilizonaswa kwa njia moja tunazo katika kaseti, na utepe wa kaseti huchakaa. Joto na unyevu wa pwani huuharibu upesi. Kaseti iliyoliwa na ukungu ni vigumu kuiokoa, na kompyuta ile ile iendeshayo spika sita ndiyo iwezayo kuihamisha kabla hayajafika hayo. Kazi yenyewe yahitaji mashine nzima ya kaseti, waya mmoja na subira ya kusikiliza.

Kwa hiyo, msomaji kijana, uijuapo kazi ya kuzifanya spika sita ziseme, usiishie katika kutazama filamu. Uliza nyumbani kwenu kama kuna kaseti sandukuni. Andika jina la mwimbaji na mwaka, maadamu yuko mzee anayevikumbuka. Kisha, ukipata maikrofoni mbili, zinase adhana za magharibi za mtaa wako kwa njia mbili, ili atakayezisikia baada ya miaka mia ajue sio tu kwamba misikiti iliita, bali iliita kutoka upande gani. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini walisema hivyo kabla ya utepe wa kaseti. Akiba hii huoza, nayo yangoja mikono yako.