Ndege kuukuu: Soma daftari kabla ya bei

“Pap” kwa Kijaluo ni uwanda, lakini udongo mweusi wa Pap Onditi hunata mvua inyeshapo. Uwanja wa kutegemewa ni wa Kisumu.

Anayenuia kununua Cessna 206 ya kabla ya 1986, mwaka ambao utengenezaji wake ulisimama hadi 1998, asihadaiwe na rangi mpya. Daftari huonyesha saa ambazo injini imetumika tangu ilipofanyiwa matengenezo makubwa, na gharama ya kuyarudia yaweza kumeza nafuu yote ya bei. Tena Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la adhuhuri likiwaka hewa huwa nyepesi, na ndege iliyosheheni huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa.

Mkodishaji naye aonyeshe cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Bila hicho, hata rubani hodari haruhusiwi kutoza nauli.